Leza ya kope nayo inakata jamani

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua. Haya matangazo ya kuondoa mifuko chini ya macho na kope zilizolegea, unakuta yameandikwa "kwa leza, hakuna kukatwa, hakuna damu". Mimi ni nesi wa thieta ya macho, hiyo ni lugha ya biashara tu. Leza ya kaboni dayoksaidi, ile aliyoivumbua Kumar Patel kule Marekani mwaka 1964, inakata kweli kweli, mwale wake unanyonywa na maji yaliyomo kwenye ngozi, yale maji yanachemka hapo hapo na ngozi inaachia, vijimishipa vidogo navyo vinaungua vinaziba ndo maana damu inatoka kidogo. Faida ipo, sikatai. Ila ukikatwa kope ya juu nyuzi utashonwa tu, tena mara nyingi zinakaa siku kadhaa zaidi kwa vile kingo za kidonda zimeungua, na kovu likishapona ni yale yale ya kisu.

Sasa kuna kitu hakimo kwenye tangazo lolote. Kabla mashine haijawashwa tunadondosha ganzi jichoni, tunapaka dawa ya mafuta, alafu tunapenyeza chini ya kope kikombe kidogo cha chuma kisichong'aa, kimekaa kama lensi, kulinda mboni. Cha plastiki hakifai kwa leza hii, kinayeyuka. Vitambaa vilivyolowa vinazungushiwa usoni na oksijeni ya puani inazimwa kwanza maana penye oksijeni nyingi mwale unaweza kuwasha moto kirahisi. Hao wa saluni wanaojiita kliniki wanavyo hivyo vikombe? Waulizeni wawaonyeshe kabla hamjatoa hela!

Na sie ngozi nyeusi, pale leza inapotumika kuchubua mikunjo badala ya kukata, weusi unaweza kubaki kuzunguka jicho kwa miezi, unaenda kutafuta ujana unarudi na madoa.

La mwisho kwa aliyeshafanyiwa, iwe kwa leza au kisu: jicho likianza kuuma sana, likavimba na kutokeza nje, kuona nako kukafifia, usimeze dawa ya maumivu ukalala usubiri asubuhi, damu inaweza kuwa inajikusanya nyuma ya jicho na hapo upofu ni suala la saa chache, kimbia hospitali usiku huo huo.

Nesi wa macho,
Dar es Salaam