Mashine ya kukaushia fulana ipimwe kwa urefu wa sehemu yake yenye joto

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenzangu tunaochapa fulana kwa fremu, hasa vikundi vya vijana wa Mbeya, Iringa na Njombe vinavyojiandaa kununua kwa mkopo wa halmashauri mashine ya kukaushia yenye mkanda, yaani ile inayopitisha fulana zilizochapwa kwenye joto ili wino ushike.

Mashine yangu ya kwanza niliichagua kwa upana wa mkanda na kwa ahadi ya muuzaji kwamba ingetoa fulana 150 kwa saa. Mkanda ulikuwa mrefu kweli, lakini sehemu yenye joto ilikuwa na sentimita 90 tu, nami sikuwa nimeiulizia. Wino wa maji ninaoutumia hutaka kukaa dakika 2 kwenye joto la nyuzi 160 hivi, kwa hiyo mkanda ulipaswa kwenda sentimita 45 kwa dakika. Fulana moja ikilazwa huchukua kama sentimita 75, hivyo kwa safu moja zilitoka 36 kwa saa. Hata kwa wino wa plastisoli (wino wenye plastiki), ambao mara nyingi huiva, yaani kushika kabisa kwenye kitambaa, kwa dakika 1, zisingezidi 72.

Wachapaji wangu wawili walikuwa wakichapa fulana 80 kwa saa. Mzigo ukarundikana, vijana wakaongeza kasi ya mkanda, na fulana za kwaya moja zikatoka zikiwa kavu kwa juu ilhali wino ulikuwa mbichi ndani. Wino ulianza kutoka fulana zilipofuliwa mara ya kwanza. Nilizirudia zote kwa gharama yangu, na uso wa yule mama aliyeniletea kazi sijausahau.

Kwa hiyo, anayetaka kununua aanze na idadi ya fulana ambazo meza zake huchapa kwa saa, aizidishe kwa nafasi inayochukuliwa na fulana moja, kisha azidishe kwa muda ambao wino unahitaji na kugawa kwa dakika 60. Hapo atapata urefu wa sehemu yenye joto unaomfaa. Kwa fulana zangu 80 na wino wa maji, jibu ni mita 2. Mkanda unaobeba fulana mbili sambamba hupunguza urefu huo kwa nusu, mradi joto lifike sawasawa hadi pembeni.

Aongeze na akiba kwa ajili ya baridi yetu. Asubuhi za Juni na Julai hapa Mbeya pamba huingia ikiwa baridi na yenye unyevu, na joto la kwanza huishia kuukausha unyevu huo kabla wino haujaanza kuiva. Namba inayoonekana kwenye mashine ni joto la hewa ya ndani. Joto la wino wenyewe hupimwa juu ya fulana, na jaribio la kufua halikwepeki.

Umeme nao uangaliwe mapema. Mashine ya kilowati 6 huvuta ampea 26 kwenye volti 230, na kubwa zaidi kwa kawaida huhitaji umeme wa njia tatu (three-phase), jambo la kuulizia TANESCO kabla ya kulipa malipo ya awali.

Nawaomba wauzaji waandike urefu wa sehemu ya joto kwenye kila ankara ya bei, na maofisa wanaopitia maombi ya vikundi wasiidhinishe ununuzi wa mashine ambayo kipimo hicho hakikutajwa.

Mchapaji wa fulana,
Mwanjelwa, Mbeya.