Ile kofia ya Msaka wako

Oya Shaabani,

Mambo vipi kaka, mama hajambo? Sisi wazima, mvua tu ndo inatunyoosha. Najua nimepotea toka kwenye msiba wa babu yake Zuhura, hilo tutaongea, ila picha ulizonitumia jana zimeninyima usingizi. Yule mpanda farasi wa ukurasa wa tatu umeandika ni Msaka, mmoja wa wale wahamaji wa kale wa nyika za Asia ya Kati, miaka 500 kabla ya Kristo, halafu umemtwika helmeti ya Mmongolia! Hapo umeruka kama miaka 1,700 hivi bwana.

Msaka utamjua kwa kofia ndefu yenye ncha. Kwenye mwamba wa Behistun kule Iran, wenye mateka waliochongwa kwa foleni, wa mwisho ni Msaka Skunkha, kofia yake kama mnara, na walimwongeza baadaye, wakala mpaka sehemu ya maandishi ya Kielami, lugha ya kale ya huko, ili apate pa kusimama. Na yule wa Issyk, karibu na Almaty, aliyefukuliwa 1969 na vipande zaidi ya 4,000 vya dhahabu, kofia ni hiyohiyo. Sasa usije ukampeleka vitani na ile dhahabu, ile ni pamba ya kifahari.

Ukitaka machuma yapo, ila ni karne za mbele zaidi. Sanamu za udongo za Khalchayan, kusini mwa Uzbekistan, kuna jamaa deraya mwili mzima na farasi wake kavishwa pia. Vile vibao vya mfupa vya Orlat, jirani na Samarkand, watu wanakatana mapanga na kola za deraya zimewasimama mpaka masikioni, ni kobe watupu, nimecheka peke yangu. Halafu Wasogdi, wakazi wa kale wa Panjakent kule Tajikistan, karne ya 8, wamechorwa ukutani na helmeti zenye wavu wa pete za chuma unaoshuka shingoni, hao ndo wanaikaribia hiyo yako, kwa hiyo kama huwezi kuiacha basi badilisha mwaka na kabila, mimi ningebadilisha kofia tu, dakika kumi. Na vikuku vya kukanyagia futa, Wasaka hawakuwa navyo. Upinde wako lakini… aah, upinde uko poa sana.

Bakari keshapeleka kwa mchapaji au bado? Faili lenye leya unalo, au ndo ulishaunganisha zote kama kawaida yako? Nikuchoree hiyo kofia nikutumie leo usiku? Na ile elfu hamsini yangu, tunaihesabu vipi?

Nduguyo,
Musa