Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Kutazama Vidole

Wanachama wenzangu, hamjambo?

Desturi ni kuanza na hesabu za pesa. Mweka hazina anivumilie, kwa sababu mwaka huu kuna jambo moja, la kujaribu programu na watumiaji wake, lililonifunza kuliko yote tuliyozungumza tangu tuanze kukutana hapa Kisumu, nami nataka nilieleze mngali macho.

Mnaikumbuka programu ya miadi ya kliniki waliyounda vijana wetu wawili. Tulikubaliana ijaribiwe kwanza sokoni Kibuye, na watu wasiotujua. Siku ya kwanza tulikwenda na maswali: Mama, unaionaje? Itakufaa? Kila kibanda tulichosimama tuliambiwa ni nzuri, ni nzuri sana, Mungu awabariki. Tulirudi na daftari limejaa sifa, na mmoja wetu akaanza kupanga jinsi ya kuifikisha Kakamega.

Siku ya pili katibu alishikilia kwamba tusiulize kitu. Tulimwomba mtu ajiwekee miadi ya saa tatu asubuhi, basi, kisha tukanyamaza na kutazama vidole. Mama mmoja muuza omena alibonyeza 3. Jirani yake alibonyeza 9. Wa tatu alibonyeza 3, akasita, akafuta, akatupia jicho saa iliyo juu ya skrini, akaweka 9, halafu akairudisha 3. Programu haikunung'unika. Iliwapangia wale wa 3 miadi ya saa tisa usiku na kuwashukuru. Yule muuza omena alipoturudishia simu akasema, "Ni nzuri sana, wanangu."

Sote tukiona 9:00 kwenye simu hutamka "saa tatu" bila hata kufikiri. Kusoma hakutusumbui. Tukiambiwa tuandike ndipo tunagawanyika, na hakuna anayekosea. Aliyekosea ni sisi tulioweka tarakimu peke yake. Tulibishana sana. Wengine walitaka mafunzo kwa watumiaji, wazo ambalo nililipinga na bado nalipinga: mtu aliyekwenda kliniki na mtoto mwenye homa hahitaji darasa. Mwishowe tarakimu ziliondolewa. Sasa mtu anachagua "asubuhi", kisha "saa tatu" kwa maneno, na kabla ya kuthibitisha anasomewa siku na wakati.

Zile sifa nazo zina maelezo yake. Mwaka 2012 mtafiti Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti walioufanya Bangalore, India. Watu walionyeshwa vitu viwili na kudokezewa kwamba kimoja kimeundwa na anayewahoji. Uwezekano wa kukipenda cha mhoji ulikuwa takriban mara 2.5, hata pale vyote viwili vilipokuwa sawasawa. Mhoji alipokuwa mgeni kutoka nje, mwenye mkalimani, ikafika mara 5. Walipokiharibu makusudi kitu cha mhoji, bado kilipendelewa. Sisi si wageni Kibuye, lakini tulikwenda na beji shingoni na tableti mkononi, tukamwuliza mtu aliyelelewa kumstahi mgeni kama kazi yetu ni mbaya. Alitujibu kwa adabu, nasi tukaiandika adabu kama matokeo. Beji zitabaki nyumbani kuanzia sasa.

Kuna walioniuliza kama watu watano wanatosha kuijaribu programu. Wanamnukuu Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, ambaye pamoja na Thomas Landauer walieleza mwaka 1993 kwamba mtumiaji mmoja hufichua kwa wastani asilimia 31 ya kasoro, hivyo watano hufichua kama asilimia 85. Hesabu siipingi. Ila watano wa nani? Watano wa Kibuye wenye simu za kugusa hawatakuambia lolote kuhusu mzee wa Ahero mwenye kabambe, ile simu ya vitufe, ambaye akishika miwani yake menyu ya nyota na reli (* na #) imeshakatika. Kila kundi lina watano wake.

Tulipata aibu moja. Mwanachama alirekodi video sokoni, na uso wa mteja aliyekuwa akipita ukaonekana wazi, pamoja na namba yake ya simu. Hakuwa ametupa ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haituachilii kwa sababu tu sisi ni chama kidogo, na hata isingekuwepo, lile halikuwa jambo la kumfanyia mtu. Video imefutwa. Tutarekodi mikono tu, baada ya mwenyewe kuelezwa kwa lugha anayoielewa, Kijaluo kikiwemo, na kukubali.

Pesa: ada zimekuja kwa kuchelewa kama kawaida, na mwenye ukumbi alitupandishia kodi bila ilani, ndiyo maana vikao viwili vya mwisho vilikuwa chini ya mwembe. Deni hatuna. Mweka hazina ana daftari, mtaliona.

Mkutano wa kwanza wa AfriCHI, wa watafiti wa jinsi watu wanavyotumia kompyuta na simu barani Afrika, ulifanyika Nairobi mwaka 2016. Napendekeza suala la saa tuliandike vizuri, tulipeleke kwenye mikutano ya aina hiyo. Anayetaka kushika kalamu ajitokeze.

Uchaguzi wa maafisa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, saa nne asubuhi. Katibu atawatumia ujumbe, na nimemwomba saa aiandike kwa maneno.