Mikono ya mkunga haifundishwi na simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nimjibu yule kijana aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki iliyopita, kwamba vyuo vya afya viache kununua midoli na sanamu za mwili kwa sababu kila mwanafunzi sahivi ana simu na video zipo kibao. Barua yake nimeisoma mara mbili. Mwanangu, najua nia yako ni nzuri, unataka hela ziende kwenye dawa na vitanda, ila mimi nimekuwa mkunga miaka 31 na mitano ya mwisho nilikuwa nafundisha, hili la mikono siwezi kulinyamazia.

Mwaka jana nilienda Bologna, Italia, kumwangalia binti yangu aliyejifungua. Nimekaa kule miezi mitatu. Siku moja mkwe wangu akanipeleka kwenye jengo la chuo kikuu chao linaitwa Palazzo Poggi, akasema mama humu ndani kuna vitu vya kazi yako. Nikadhani ni mikasi ya zamani. Kumbe ni matumbo ya uzazi, yamepangwa moja moja, mengine ya udongo mengine ya nta, na ndani ya kila moja kuna mtoto, huyu katanguliza kichwa, huyu matako, huyu mkono umeshatoka nje, huyu kalala kiubavu, hawa mapacha. Nilisimama pale nikawa nawataja mmoja mmoja kwa sauti maana wote hao nilishakutana nao leba. Machozi yalinitoka, kwakweli.

Vile vitu alivikusanya daktari anaitwa Giovanni Antonio Galli, katikati ya miaka ya 1700, na alianza kuvifundishia nyumbani kwake, kwa madaktari wa upasuaji na kwa wakunga wa kawaida. Kilichonishika zaidi ni kifaa chake kimoja chenye tumbo la uzazi la kioo. Mwanafunzi anafungwa kitambaa machoni, mtoto anawekwa mle ndani kwa mkao anaoujua mwalimu tu, halafu anaambiwa haya, mtoe. Mwanafunzi haoni chochote, mwalimu anaona kila kidole kinakopita kwa sababu ni kioo, akikosea anaambiwa hapo hapo. Miaka zaidi ya 250 iliyopita!

Sasa mwanangu fikiria saa nane usiku umeme umekatika, tochi umeing'ata mdomoni na jasho linakuingia machoni, unampima mama njia. Macho yana kazi gani pale? Kidole ndo kinakwambia huu ni utosi wa mbele au wa nyuma, kidole ndo kinakwambia hili ni tako au ni uso uliovimba, na ukichanganya hivyo viwili mnaweza mkapoteza mtoto na mama juu. Video haina kidole. Unaweza ukaiangalia mara 100 na siku ya siku mkono wako ukaingia kama mgeni.

Mle ndani kuna mwanamke mmoja wa nta niliyekaa mbele yake muda mrefu mpaka mkwe akaniletea kiti. Anaitwa Anna Morandi Manzolini, alizaliwa 1714 akafariki 1774, na ile sanamu kajitengeneza mwenyewe. Kavaa gauni la kifahari na vito, na mbele yake kuna ubongo, yupo kazini anaufungua. Pembeni yupo mume wake Giovanni Manzolini, naye wa nta, kamtengeneza yeye, kashika moyo. Walikuwa wanafanya kazi pamoja nyumbani, wanapasua maiti wanatengeneza viungo, huku wanalea watoto. Mume akafa 1755. Mama akaendelea, akawa anafundisha watu nyumbani kwake, mji ukawa unamlipa, mpaka mfalme Joseph wa 2 kutoka Vienna alipofika Bologna mwaka 1769 alimtembelea. Kwenye kazi zake kuna mikono, mmoja unagusa kitu laini na mwingine unagusa kitu cha kuchoma, yani alitaka ujue mkono unahisi nini, siyo ukoje tu. Nilipoona ile nikasema huyu angekuwa mkunga mzuri sana.

Nimwelezee kijana pia kwa nini walihangaika na nta. Friji hazikuwepo. Maiti ilikuwa haikai, madarasa ya kupasua yalifanyika zaidi msimu wa baridi, joto likija basi. Nta ya nyuki ukiichanganya na tapentaini na rangi ukaimimina kwenye plasta iliyochukua umbo la kiungo chenyewe, unapata kitu kinachofanana na nyama kabisa na kinakaa miaka. Mishipa midogo walikuwa wanatumia nyuzi zilizochovywa kwenye nta. Na hili tusilipite haraka haraka, ili sanamu moja itoke sawasawa zilipasuliwa maiti nyingi, na nyingi zilikuwa za maskini waliofia hospitali, hakuna aliyewaomba ruhusa wala aliyeandika majina yao. Kila nikiangalia zile sanamu nilikuwa nawaombea. Ni haki yao.

Binti alinipeleka Florence nako, kwenye makumbusho ya La Specola yaliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 1775, ndo wengi wanakwenda kule kwa sababu nta zake ni maarufu zaidi, na mfalme Joseph aliagiza nyingine karibu 1,200 kutoka kwa mafundi wale wale, zikapandishwa milima ya Alps kwa nyumbu mpaka Vienna kufundishia madaktari wa jeshi. Kazi ya fundi Clemente Susini ni ya ajabu, sibishi. Lakini yule mwanamke wao wanayemwita Venus, kalazwa kwenye godoro, nywele za mtu kweli, shanga za lulu shingoni, kalegeza macho kama mtu aliyelala usingizi mtamu, unafungua tumbo unatoa kiungo kimoja kimoja mpaka unafika kwa mtoto mdogo kabisa, yule hakunipendeza. Mwanamke aliyefunguliwa tumbo halali hivyo. Ametengenezwa aangaliwe. Wa Bologna wametengenezwa washikwe, wapapaswe, wakosewe na warudiwe, na tofauti hiyo ndo ninayotaka vyuo vyetu viione pale vinapoamua cha kununua.

Maana siyo lazima kiwe cha bei. Ufaransa kulikuwa na mkunga Angélique du Coudray, mwaka 1759 mfalme Louis wa 15 alimpa kibali azunguke nchi nzima kufundisha wanawake wa vijijini, akazunguka miaka zaidi ya 20 na mdoli wake wa kitambaa na ngozi, nyonga ipo, mtoto yupo, kitovu kipo. Wengi wa wanafunzi wake kusoma hawajui. Walijifunza kwa kushika.

Na kama huko ni mbali, turudi hapa hapa Tanzania. Kuanzia 2009 hospitali 8 zilianza kufundisha wakunga kumsaidia mtoto apumue, ule mpango wa Helping Babies Breathe, kwa kutumia mdoli unaoitwa NeoNatalie, unaujaza maji unakuwa mzito kama kichanga, ukimpa hewa vizuri kifua kinapanda, ukikosea hakipandi. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Mdoli, mwanangu. Mimi nilipita kwenye mafunzo kama hayo nikiwa tayari mkunga mzee na niligundua kumbe miaka yote nilikuwa nashika barakoa vibaya, hewa inavuja pembeni.

Jambo jingine ni rangi. Watoto wote wa Bologna ni weupe, sawa, ni wa kwao. Lakini mtoto wetu aliyekosa hewa usimtafute ubluu kwenye ngozi, unaangalia ulimi na fizi, na manjano unaangalia macho na nyayo. NeoNatalie upo wa rangi yetu, basi chuo kinachonunua kinunue huo, mwanafunzi azoee mapema.

Kinachoniuma ni chuo kimoja ninachokifahamu, sitakitaja, ambacho midoli kinayo na ipo mipya, imefungiwa kabatini, ufunguo anao mtu mmoja, wanafunzi wanaiona siku ya ukaguzi. Hapo hata mimi naelewa kwa nini kijana anaona ni hela zimepotea. Wafungue kabati wawaachie hata usiku wajifunze, zikichakaa tutajua zimefanya kazi.

Wasio na uwezo wa kununua washone. Galli alitumia udongo, na udongo tunao. Mafundi cherehani tunao, wachongaji wapo pale Mwenge, nta ya nyuki inatoka Tabora. Mkunga akae na fundi jioni mbili tatu amwonyeshe nyonga inavyopinda, ndivyo hata wale wa zamani walivyofanya, fundi na daktari meza moja.

Wangu niliushona mwaka 2014 kwa khanga mbili na sponji la godoro, kitovu ni utepe mwekundu, na umefundishia mabinti wengi tu. Bado ninao. Chuo kinachouhitaji kipige simu hapo gazetini, namba yangu nimemwachia mhariri, na wakitaka nije kuwaonyesha namna ya kuushona nauli nitajilipia.

Mkunga mstaafu,
Morogoro