Risala kwa Mgeni wa Heshima: Barua Zetu Tupeleke Wapi?

Mheshimiwa mgeni wa heshima, daktari wetu kutoka Wizara ya Afya, mchungaji uliyetupatia huu ukumbi bure, chifu, wazee wa mtaa, manesi wa dayalisisi mliotoka shifti ya usiku mkaja moja kwa moja bila hata kulala, wanakikundi, majirani, itifaki imezingatiwa. Nimeambiwa nisome haraka juu mvua iko karibu na ile tenti ya nje ni ya kukodi, lakini hii ni risala ya mwaka mzima ya kikundi chetu cha wagonjwa wa figo, waliopandikizwa viungo na familia zilizotoa, naomba mnivumilie.

Daktari, karibu sana Umoja. Tunajua umetoka Afya House na Jogoo Road asubuhi hii ilikuwa imeshikana, hata mwenyekiti wetu alishuka kwa matatu akatembea. Chai iko, mandazi yako, ila wenye figo wasiguse chumvi, na wanajijua.

Sisi ni kikundi kilichoanzia kwa benchi. Ukiwa mtu wa dayalisisi unaenda hospitali mara mbili kwa wiki, unakaa kwa mashini masaa manne, damu inatoka inasafishwa inarudi, na aliye kando yako leo ndiye utamkuta tena Alhamisi, sasa mtakosaje kujuana? Mnaulizana maji umekunywa ngapi, nani amekuleta, SHA, ile bima ya afya ya serikali, imekubali ama imegoma. Siku moja unafika unapata kile kiti kiko wazi na hakuna mtu anataka kukuambia kwa nini. Tulianza kuchangia matanga ya wenzetu, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kikundi hiki na hatuionei aibu. Baadaye wakajiunga waliopandikizwa figo, wakaja ndugu zao waliowatolea, halafu wakaja watu wa macho, yaani waliowekewa konea, kile kioo chembamba cha mbele ya jicho. Mwisho wakaja wale ambao hatukuwa tumewafikiria kabisa, wenye kufiwa.

Huyo wa kwanza kuja ni mama mmoja wa hapa hapa Eastlands, amekaa safu ya pili, ameniruhusu niseme habari yake bila jina. Bwana yake alikuwa wa bodaboda. Aligongwa usiku, akafika hospitali akiwa amekata roho. Huku akingoja shemeji zake, akaja mtu akamuuliza kwa upole kama familia inaweza kukubali macho ya marehemu yasaidie mtu asiyeona. Anasema alitaka kumpiga. Halafu akakumbuka bwana yake alikuwa na tabia ya kubeba wazee bure kwa ile pikipiki mpaka wanagombana juu ya mafuta, akasema sawa, chukueni.

Shida ilianza nyumbani. Mama mkwe akauliza kijana wangu atafikaje huko mbele bila macho, wazee wakasema maiti imechezewa, kuna mjomba hata alisema hiyo ni biashara, mwanamke amelipwa. Hakuna aliyelipwa kitu. Na jeneza lilipofunguliwa uso ulikuwa vile vile, kope zimefungwa vizuri, hakuna mtu angejua, kwa sababu kinachotumika ni ile konea tu, na wanaofanya hiyo kazi wanarudisha sura ya mtu kabla hajaachiliwa kwenda mochari. Padre wa kwao ndiye aliyewatuliza, akawaambia Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2000 alisimama mbele ya madaktari wa upandikizaji kule Roma akasifu kutoa viungo kuwa tendo la upendo. Na kwa ndugu zetu Waislamu waliotoka Eastleigh leo, baraza la fiqhi, yaani sheria za dini, la nchi za Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1988 likaruhusu kwa masharti, kwa hivyo huyu mjomba hana pa kujificha upande wowote.

Sasa sikiliza alichotuambia huyu mama siku ya kwanza. Alisema hataki pesa, hataki cheti, hata jina la mtu hataki. Anataka kujua kitu kimoja tu, je, ilishika? Kuna mtu anaona? Hakuna aliyewahi kumjibu. Alienda kuuliza akaambiwa habari za mgonjwa ni siri, akarudi nyumbani.

Upande ule mwingine wa ukumbi kuna kijana, fundi wa simu, konea yake ilikuwa imechongoka, ule ugonjwa unaitwa keratokonasi, na kusugua macho kila vumbi ikiingia tukiwa wadogo kunaweza kuuchangia. Miwani ilikataa, lenzi zikakataa, simu za wateja alikuwa anafungua kwa kupapasa. Amepandikizwa, nyuzi zilikaa jichoni zaidi ya mwaka, matone anaweka mpaka leo, na sasa anaona mpaka skrubu ya simu. Lakini anasema ile furaha inamkaba. Kila akiamka anajua kuna watu mahali walizika ndiyo yeye aone. Ameandika barua. Kurasa mbili, kwa mkono, amemuomba mtu amrekebishie Kiswahili. Iko kwa droo. Atampelekea nani?

Najua mnafikiria nini, hata sisi tulifikiria, watu walianza kunong'ona ati huyu kijana ana macho ya bwana ya yule mama. Tukapiga marufuku hayo maneno kwa kikundi. Hatujui, na hesabu yenyewe haikubali kirahisi, kwa sababu baadhi ya konea zinazopandikizwa hapa kwetu zimekuwa zikitoka ng'ambo, kwa hivyo huyu kijana huenda anaona kwa jicho la mtu ambaye hajawahi kukanyaga Kenya. Wawili hawa wanakaa mkutano mmoja, wanakunywa chai moja, kila mmoja ana nusu ya mazungumzo. Hiyo ndiyo shida tuliyotaka kukuletea leo daktari, mengine yote kwa risala hii ni viungo vya mchuzi.

Hii kitu si ngeni Afrika. Moyo wa kwanza wa binadamu kupandikizwa ulimwenguni ulipandikizwa Cape Town, hospitali ya Groote Schuur, tarehe 3 Desemba 1967, na wote tunalijua jina la daktari, Christiaan Barnard. Wangapi hapa wanajua jina la Denise Darvall? Alikuwa msichana wa miaka 25, jana yake alishuka na mama yake kununua keki, wakivuka barabara gari likawagonga, mama akafa pale pale na Denise akabaki ubongo umeharibika kabisa. Baba yake, Edward Darvall, amepoteza mke mchana, jioni anaulizwa juu ya moyo wa binti yake. Inasemekana alifikiria dakika nne tu. Akasema kama binti yake hawezi kuokolewa, basi wajaribu kumuokoa yule mwingine. Louis Washkansky aliishi na ule moyo siku 18, nimonia ikamchukua. Figo ya Denise ikapewa mtoto wa miaka 10, Jonathan van Wyk, na huyo mtoto hakuwa mzungu, na hiyo ilikuwa Afrika Kusini ya ubaguzi, wakati hata benchi ya stesheni ilikuwa na rangi yake. Mimi kila nikifika hapo kwa hii hadithi naachana na Barnard, namfikiria huyo baba akirudi nyumbani bila mke na bila binti.

Na kuna ile ya Italia. Mwaka 1994 familia ya Wamarekani walikuwa likizo, majambazi wakapiga gari lao risasi usiku barabarani, mtoto wao Nicholas Green, miaka 7, akafa siku chache baadaye pale Messina. Wazazi wakatoa viungo vyake na konea, Waitaliano 7 wakasaidika, kwa nchi ile ile iliyomuua mtoto wao. Mmoja alikuwa msichana wa miaka 19, Maria Pia Pedalà, ini limekwisha, yuko kwa koma. Alipona, akaolewa, akazaa kijana akamuita Nicholas. Watu wa Italia walishikwa na aibu na upendo pamoja, na kwa miaka kumi iliyofuata utoaji wa viungo kule uliongezeka mara tatu. Hawa wazazi walikutana na waliopokea kwa sababu habari ilikuwa imetoka kwa magazeti yote, lakini familia zingine za Italia hazijuani, sheria inaficha. Baba ya Nicholas, Reg Green, amekuwa akipigania waruhusiwe kujuana kama pande zote mbili zimekubali. Kule Marekani inawezekana, barua inapitia kwa ofisi inayoshughulika na viungo, wanafuta majina na anwani, wanapeleka, na baada ya muda wote wakitaka kukutana wanakutanishwa. Uingereza pia barua zinapitia kwa manesi wao.

Si kusema kila mtu anataka barua. Kuna baba hapa alimpoteza binti na ametuambia wazi asipelekewe chochote, yeye alitoa akafunga mlango. Tunamheshimu. Na kuna waliopokea ambao wanaogopa kuandika, wataanzaje, "habari yako, mimi ndiye niliyebaki"? Kwa hivyo tunaongea juu ya hiari, ya pande zote mbili.

Daktari, upande wa figo unajua mambo yetu. Hapa Kenya figo nyingi zinatoka kwa mtu aliye hai, ndugu, mke, binamu. Hapo mpaji unamjua sana, hata kupita kiasi! Tuko na mwenzetu dada yake alimtolea, sasa kila ugomvi wa familia lazima figo itajwe, ukikataa kubeba mzigo wake unaambiwa unasahau uko na nini tumboni. Tunacheka lakini si mchezo. Aliyetoa naye anabaki na kovu na kazi aliyokosa miezi, kila mtu anauliza hali ya mgonjwa na yeye haulizwi. Tungependa kliniki zimuite na yeye.

Halafu kuna wale wa kununua na kuuza. Mwaka 2025 nchi nzima ilisikia habari za uchunguzi wa biashara ya figo, vijana wanadanganywa kwa pesa, na tangu wakati huo sisi tukitaja kutoa kiungo kwa baraza watu wanatuangalia kama mabroka. Imetuumiza. Sheria ya Afya ya 2017 inakataza kuuza, na inatoa njia safi kabisa, mtu mzima anaweza kuandika kwa wosia, ama karatasi aliyotia sahihi na mashahidi wawili, ama hata aseme kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, kwamba nikifa mwili wangu ama sehemu yake isaidie. Wangapi wanajua? Tuliuliza kwa chama, kwa stage, kwa kwaya, watu wanashangaa tu. Sisi tunawaambia andikeni, lakini zaidi ya kuandika ongeeni na watu wa nyumbani mkiwa wazima, mkiwa mnakula, kwa sababu ile siku ikifika muda ni mfupi, konea inatakiwa masaa machache baada ya kifo, moyo ukishatolewa haungoji zaidi ya masaa manne ama sita, figo inaweza kungoja karibu siku nzima kwa baridi, na hakuna mwenye kufiwa anaweza kuamua vizuri huku anatafuta nauli ya kuita wazee.

Maombi yetu basi. La kwanza ni hilo la barua. Hatuombi jengo. Tunaomba mtu mmoja, dawati moja, pale kwa ile taasisi yenu ya damu na upandikizaji, apokee barua, afute majina, aulize upande wa pili kama uko tayari, apeleke. Na hata kama hakuna barua, familia iliyotoa ipigiwe simu iambiwe ilishika ama haikushika. Ikiwa haikushika pia waambiwe, hawa ni watu wazima wamezika, hawatavunjika kwa ukweli.

Lingine, wale wanaotumwa kuuliza familia wafundishwe kuuliza. Yule mama anasema aliyemuuliza alikaa chini kwanza, akamuuliza jina la marehemu, na hiyo ndiyo ilimfanya asiondoke. Wengine tumesikia waliulizwa kwa korido na mtu anaangalia saa. Na tunaomba serikali itengeneze utaratibu wa figo za waliofariki, juu hapa ndani kuna watu hawana ndugu wa kuwafaa, damu haziendani, ama ndugu mwenyewe ana presha na sukari, na hao wanangoja tu.

Mafanikio yetu ni machache, tumelipia nauli wagonjwa kadhaa, tumeongea kwa makanisa na msikiti mmoja, tumezika wenzetu kwa heshima. Changamoto ni pesa, hiyo haihitaji maelezo, na ukiguswa ukatuachia chochote mweka hazina ni yule mwenye kofia nyekundu na risiti anatoa.

Daktari, tumekuwekea bahasha kwa meza. Hakuna risala ya ziada ndani, ni barua ya fundi wetu wa simu na zingine tano za wenzake, na karatasi moja ya yule mama yenye swali lake. Amekubali uende nazo. Tutakupigia mwisho wa mwezi kuuliza zimefika wapi.

Ni sisi wanakikundi, Umoja, Nairobi. Naomba kuwasilisha.