Kwa mnaokalia kiti cha mkuu wa idara mwaka huu

Wanangu na wadogo zangu mlioteuliwa kuongoza idara, wa Mlimani, Chang'ombe, Muhimbili, Ardhi na wa vyuo binafsi vya jiji hili la Dar, nawasalimu.

Barua za uteuzi mmeshapokea na pongezi mmeshapewa. Bila shaka mmeshagundua pia kwamba barua ile haikusema ufunguo wa kabati la mitihani uko kwa nani. Fani zenu mmezisomea mpaka mkabobea, lakini kazi mliyokabidhiwa sasa hakuna aliyewafundisha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya idara ni alama za wanafunzi, muda wa walimu na maamuzi ya vikao. Ikipotea, mara nyingi imepotea hivi: jambo analijua mtu mmoja, hajaliandika, halafu anakwenda masomoni, anastaafu, au simu yake inachomolewa mfukoni kwenye mwendokasi.

Kabla ya kuitisha kikao chochote, kaeni nusu siku na katibu muhtasi. Huyo ndiye anayeijua idara kuliko profesa yeyote, na mkuu wa idara anayeanza kazi kwa kumkwaruza amejikata mguu mwenyewe. Mwombeni orodha ya majalada yote yaliyo wazi, mihtasari ya vikao 4 vya mwisho, barua ambazo hazijajibiwa, orodha ya funguo na walionazo, na nywila za mifumo ya ofisi. Kila barua iwe na namba ya folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kwenye kona ya juu. Jambo likija kwa simu au WhatsApp, liandikieni dokezo sabili (dokezo fupi la ndani ya ofisi) la mistari 3 siku hiyohiyo: nani kasema, kasema nini, nani atatekeleza na lini. Wenye Ofisi Mtandao, ule mfumo wa majalada ya kielektroniki, msidhani mmepona. Mfumo hauwezi kuwazuia kuandika "Yah: Ombi" kwenye barua 40 tofauti, na ukaguzi ukija, hakuna atakayeipata hata moja. Andikeni "Yah: Ombi la ruhusa ya masomo ya uzamivu", kisha jina la mhusika na mwaka.

Kuhusu vikao sina mengi. Ajenda itoke siku 7 kabla, akidi ihesabiwe na iandikwe, na muhtasari utoke ndani ya siku 5, wakati watu bado wanakumbuka walichosema. Kila azimio liwe na jina la mtu na tarehe. "Idara ifuatilie" maana yake hakuna atakayefuatilia.

Mgawanyo wa kazi unatakiwa uwe mezani wiki 6 kabla ya muhula kuanza, katika jedwali moja linaloonekana na walimu wote. Hapa ugomvi huanzia kwenye hesabu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, ambazo ndani yake mna mihadhara, semina, kujisomea, majaribio na mtihani. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 8 kwa wiki. Mwalimu anayempa mwanafunzi kazi ya saa 15 kwa wiki kwenye kozi hiyo anakula muda wa kozi za wenzake.

Kwa upande wa mwalimu, msihesabu saa za kusimama darasani peke yake, hesabuni na kusahihisha. Tuseme darasa lina wanafunzi 600 na kila kitabu cha majibu kinachukua dakika 12. Hizo ni dakika 7,200, yaani saa 120, yaani siku 15 za kazi ambazo mtu hafanyi kitu kingine chochote. Sasa mmempa wiki 2, na huku ana kozi nyingine. Atakachofanya mnakijua: ataanza vizuri, na kuanzia kitabu cha 200 atakuwa anasoma aya ya kwanza na ya mwisho tu. Gawanyeni kazi hiyo kwa swali. Yakiwa maswali 4 na wasahihishaji 4, kila mmoja achukue swali moja kwenye vitabu vyote 600. Kwa dakika 3 kwa swali ni saa 30 kwa kila mtu, siku 4 hivi, na mwanafunzi wa kwanza na wa mwisho wanapimwa kwa jicho lilelile. Mkigawana vitabu badala ya maswali, mtapata mkono mlegevu na mkono mgumu kwenye darasa moja, na rufaa zitawamaliza.

Sasa mitihani. Hapa nitakaa, kwa sababu idara ikianguka huangukia hapa.

Rasimu ya maswali iwe mikononi mwenu ifikapo wiki ya 7, pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Bila mwongozo msiipokee, maana mwalimu anayeandika mwongozo ndiye anayegundua kwamba swali lake la 3 halina jibu. Wiki ya 9 au ya 10 jopo la uhakiki likae. Liangalie mambo ya kishamba kabisa: je, alama zinajumlika kufikia jumla iliyoandikwa juu? Maelekezo yanasema "jibu maswali manne" ilhali sehemu hiyo ina matatu? Swali limerudiwa neno kwa neno kutoka mwaka jana? Muda unatosha? Mhakiki mmoja aufanye mtihani kwa kalamu. Ukimchukua yeye dakika 90, saa 3 zinamtosha mwanafunzi.

Uchapishaji ufanyike ndani ya chuo, siku 5 za kazi kabla ya mtihani, kwa sababu umeme wa Dar hauna ratiba yako na printa hupenda kufa Jumapili usiku. Asithubutu mtu kupeleka mtihani kwenye steshenari ya Mwenge au Ubungo, hata kama mwenye duka ni shemeji yake. Faili hubaki kwenye kompyuta ya pale, na flashi moja inatosha. Nakala ziwe sawa na idadi ya waliosajiliwa, mkiongeza 5 kwa kila 100. Fungeni bahasha kwa chumba, msizifunge kwa kozi. Bahasha moja ya vyumba 3 hufunguliwa chumba cha kwanza, kisha karatasi za wengine zinatembezwa kwenye korido zikiwa wazi. Watu 2 wasaini juu ya mdomo wa bahasha.

Chumbani pasiwe na msimamizi mmoja, hata wanafunzi wakiwa 20, maana akimsindikiza mmoja msalani chumba kinabaki bila mwenyewe. Kwa chumba kikubwa napendekeza msimamizi mmoja kwa kila wanafunzi 40 hadi 50. Vitabu vya majibu vihesabiwe palepale, mara 2, vilinganishwe na saini za mahudhurio kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kutoka. Ukihesabu ukiwa ofisini ukakuta 119 badala ya 120, huna tena wa kumuuliza. Baada ya hapo kitabu hakitoki kabatini bila saini na idadi, na kinarudi kwa idadi ileile. Vitabu vya wanafunzi kusafirishwa kwa bajaji kwenda Mbagala kusahihishwa sebuleni ni tabia ya kukomeshwa mwaka huu.

Alama zenyewe huharibika kwa njia chache zinazojulikana. Ya kwanza, 37 inaandikwa 73. Dawa yake ni watu 2: mmoja asome kutoka kwenye kitabu, mwingine aangalie skrini, na baada ya kila 50 wabadilishane. Ya pili ni mbaya zaidi kwa sababu haionekani. Mtu anafungua jedwali kwenye Excel, anataka majina yafuate alfabeti, anachagua safu ya majina peke yake na kuipanga. Majina yanahama, alama zinabaki zilipo. Jedwali linapendeza, wastani wa darasa haujabadilika hata kidogo, na kila mwanafunzi ana alama za mwenzake. Kwa hiyo baada ya kila kuhama kwa faili, chukueni vitabu 10 bila kuchagua, mlinganishe namba ya usajili na alama. Kimoja kikikosea, rudieni vyote. Ya tatu ni tofauti ya sifuri na patupu. Sifuri maana yake alifanya akakosa, patupu maana yake hatujui. Mfumo ukisoma patupu kama sifuri, mtu aliyelazwa Mwananyamala siku ya mtihani anaambiwa amefeli, wakati barua yake ya daktari ipo kwenye jalada na hakuna aliyeifungua.

Halafu kuna mpaka wa kufaulu. Kama kufaulu ni 40, je, 39.5 inapanda? Amueni kwenye kikao kabla alama za mtu yeyote hazijafika mezani, muandike, na sheria iwe hiyo kwa kozi zote. Mkisubiri mpaka mjue huyo wa 39.5 ni mtoto wa nani, mmeshachelewa.

Mkumbuke pia alama zikitoka kwenu zinakwenda wapi. Matokeo ya wanafunzi wanaoendelea hupelekwa Bodi ya Mikopo ndipo fedha za mwaka mpya zitoke. Mwalimu mmoja akikalia karatasi za kozi moja, darasa zima linakwama, na mwezi wa Novemba kuna watoto kwenye hosteli za Mabibo wanakula mlo mmoja kwa siku wakisubiri bumu, fedha zao za kujikimu. Wao wanadhani Bodi inawapiga danadana, kumbe jedwali liko kwenye droo ya idara. Tarehe ya mwisho ya alama iandikwe kwenye barua ya kupangiwa kozi, tangu wiki ya kwanza. Na msibandike alama zenye majina, wala kuzirusha kwenye grupu la darasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawahusu na ninyi.

Mtahini wa nje, yule wa chuo kingine anayekagua mitihani yenu, aalikwe miezi 2 kabla. Akishaondoka, fanyeni jedwali la mapendekezo yake: lipi tumekubali, lipi hapana, kwa nini, nani anashughulikia. Akirudi mwakani akakuta mapendekezo yaleyale hayajaguswa, ataandika hivyo, na Seneti itasoma.

Fedha kwa vyuo vya umma: mwaka wa Serikali unaanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, lakini mitihani ya muhula wa pili mara nyingi inaangukia Julai. Karatasi na wino wa printa wa mtihani wa Julai viombwe Aprili. Mkingoja Juni mtakuta fedha za mwaka zimefungwa na za mwaka mpya hazijafunguliwa. Manunuzi sasa yanapita NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao, kwa hiyo andikeni mahitaji kwa sifa na idadi, kwa mfano rimu 200 za karatasi A4 za gramu 80. Kwa "karatasi za kutosha" hununui kitu. Masurufu (fedha za kazi zinazotolewa kabla ya safari) yakichukuliwa, risiti zikusanywe safarini humohumo na marejesho yafanywe kwa wakati. Mwenye masurufu ya zamani hapati mapya, na mwisho wake hukatwa kwenye mshahara.

Kwa watumishi, tengenezeni ukurasa mmoja wenye jina la kila mtu, cheo, mwaka wa kuzaliwa na kozi anazofundisha. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni 60, ila kwa maprofesa na wahadhiri waandamizi ni 65. Ukurasa huo utawaonyesha kozi ipi itabaki yatima miaka 3 ijayo, na ajira za serikali hazipatikani kwa wiki 3. Likizo ya siku 28 mpangieni kila mtu mapema. Malengo ya PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma, jazeni kwa wakati, msiyarundike mwezi wa mwisho na kuanza kubuni.

Kuna jambo ambalo wengi hulifunika kombe ili mwanaharamu apite. Rushwa ya ngono ni kosa la jinai kwa kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, si "tabia ya fulani". Mwanafunzi akija kwenu na malalamiko, msimwite mwalimu "mkayamalize". Yaandikeni, yapandisheni kwa Amidi (mkuu wa shule au kitivo) au Rasi wa Ndaki (mkuu wa ndaki) siku hiyo, na vitabu vya mwanafunzi huyo visahihishwe na mtu mwingine. Saa za kuonana na wanafunzi zibandikwe mlangoni, na mlango ubaki wazi.

Mwisho ni makabidhiano, na yanaanza sasa. Kwa kawaida kipindi chenu ni miaka 3, nayo hupita mbio. Barua pepe ya idara iwe ya cheo, isiwe ya Gmail yenye jina lako, maana ukiondoka utaondoka na mawasiliano ya mtahini wa nje, ya wafadhili na ya waliohitimu. Programu ya kozi inayokaribia kupitiwa upya iandikwe tarehe yake. Wanafunzi wa uzamili na uzamivu wawe na daftari lao: msimamizi nani, alianza lini, sura ipi imesomwa, lini mara ya mwisho walionana. Fungueni jalada la makabidhiano kabla ya Ijumaa, na folio namba 1 iwe orodha ya funguo: upi wa mlango gani, nakala ngapi, na nani amesaini kuzichukua.

Wenu,
Mzee mstaafu, Sinza