Sumukuvu na homa ya ini vipimwe pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa sumukuvu (aflatoksini), yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, katika mahindi na karanga. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, mikrogramu 10 kwa kilo, hujadiliwa kana kwamba mlaji hana hatari nyingine mwilini. Mwaka 1998 wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikadiria kuwa kiasi kile kile cha sumukuvu humletea mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari ya saratani ya ini takriban mara 30 ya asiye navyo. Hatari hizi hazijumlishwi tu, huzidishana. Na watu wazima wengi, tukumbuke, walizaliwa kabla ya watoto kuanza kupewa chanjo ya virusi hivyo.

Tukikokotoa kila hatari peke yake, wastani utawaficha hao walio hatarini zaidi. Nashauri Wizara ya Afya ishirikiane na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kupima unga wa kila kaya na damu ya wanaoula, kisha watakwimu wachambue mwingiliano wake. Waanzie wilaya za Chemba na Kiteto, zilizopoteza watu kwa sumukuvu mwaka 2016, na watakaokutwa hawana virusi wachanjwe hapo hapo.

Msomaji wako,
Dodoma